Gita la Tumbo la Mjomba Wako

Makuyuni, Korogwe
Alhamisi, alasiri

Mwanangu Zaina,

Umeondoka saa nane kwenda mjini Korogwe kumuaga shangazi yako, na umesema utarudi kabla ya magharibi. Nyumba imenyamaza. Begi lako liko mlangoni, limefungwa tangu jana, na nimelipita mara nne nikiambaa ukuta kana kwamba kuna mgeni amelala pale. Mwisho nimekuja karakana, nikasogeza randa na patasi pembeni, nikafungua daftari ninaloandikia vipimo vya milango ya watu.

Habari za baridi ya Njombe, na za kuishi na wenzako kazini, na za kutomwamini kila anayekuchekea, sitaziandika. Shangazi yako anakuambia hayo sasa hivi, na akisahau moja atakupigia simu ukiwa njiani. Mimi nina mambo mawili. La kwanza nililifanya kabla hujazaliwa. La pili nilikuambia wewe mwenyewe ulipokuwa na miaka saba, nalo lilikuwa uongo. Yote mawili ni ya mtu mmoja na gita moja, kwa hiyo nitayasimulia pamoja.

Gita unalijua. Ulikuwa na miaka kumi na moja, mimi nimekwenda kufunga madirisha kwa watu, ukapanda ngazi mpaka dari ya jikoni ukalishusha. Niliporudi nilikukuta mkekani umelipakata, unagusa waya mmoja mmoja kwa kidole gumba. Nilikunyang'anya. Nikakuchapa kofi la bega, na katika maisha yako yote hilo ndilo kofi pekee nililokupiga. Uliniuliza, "Baba, kwani ni la nani?" Nikasema, "Si lako." Tangu siku hiyo hukuuliza tena habari za gita, wala za muziki wowote, na mimi nikaona afadhali. Sasa nakujibu.

Lilikuwa la Kasiani, kaka wa mama yako. Mjomba wako.

Najua hapo umeacha kusoma kidogo. Nilikuambia kwamba mama yako alikuwa peke yake kwao, hana ndugu. Alikuwa na ndugu.

Mimi, mama yako na Kasiani tulikulia kambi moja ya shamba la mkonge, upande wa Mazinde. Baba yao alitoka Songea kuja kukata mkonge, mkataba ukaisha akabaki. Baba yangu, kama ujuavyo, alikuwa Mzigua wa Handeni aliyekuja kutafuta kibarua. Kasiani alinizidi miaka kama kumi. Alikuwa fundi wa mitambo pale shambani, mrefu, mkimya, vidole vimeiva kwa grisi. Kambi ilikuwa na klabu, klabu ilikuwa na bendi, na katika bendi hiyo Kasiani alipiga solo.

Bendi nyingine zote za huku zilitumia magita ya ubao. Gita la ubao ni pande la mti lililoshiba, zito. Ukilipiga bila umeme husikii kitu ila waya. La Kasiani nalo lilikuwa la umeme, lakini lilikuwa na tumbo. Tulizoea kuliita hivyo, gita la tumbo. Meneja mmoja wa zamani alilitelekeza pale klabu alipoondoka, uso umepasuka, vigingi vimekamatwa na kutu. Kasiani aliomba, akapewa, akalifufua kwa mikono yake.

Siku aliponionyesha kwa karibu nilikuwa na miaka kumi na minane, najifunza useremala, na nilidhani nimeshaona kila kinachotengenezwa kwa mbao. Akaniambia, "Weka jicho hapa." Uso wa gita ulikuwa na matundu mawili marefu, yamepinda kama ndoana mbili zinazotazamana. Nikachungulia. Ndani kulikuwa na giza, harufu ya mbao kuukuu, na fito mbili nyembamba zilizogundishwa chini ya uso kuubeba. Basi.

"Uso huu haukukunjwa," akasema. "Umechongwa. Ulikuwa ubao mnene, mtu akauchonga mpaka ukavimba katikati kama mgongo wa kobe. Mnene hapa chini ya waya, mwembamba kule pembeni. Ukizidisha unene kama wa ukucha tu, sauti inakimbia."

Nikagusa kile kipande cha mbao kinachobeba waya. "Na hiki mbona hakina gundi?"

"Waya wenyewe unakikandamiza. Ukikigundisha kitakufa. Hapa kila kitu lazima kicheze kidogo."

Halafu akalichomeka kwenye amplifaya. Gita la ubao ukilipiga sauti inasimama, inavuta, inavuta tena. Hili sauti yake ilitoka mara moja, nene, ya duara, kisha ikaondoka upesi, kama mtu mwenye adabu aliyesema neno lake akakaa. Kati ya neno na neno ilibaki nafasi, na watu walicheza ndani ya nafasi hiyo. Wanawake wa kambi waliokuwa hawachezi dansi kabisa walitingisha mabega wakiwa wamekaa.

Lilikuwa na tabia moja ngumu. Kwa kuwa lina tumbo, lilisikia. Spika ikipaza sana, sauti inarudi na kuupiga uso wa gita, uso unatikisa waya, waya unairudisha sauti kwenye spika, na mzunguko huo ukishaanza gita linalia lenyewe, mlio mmoja mrefu wa kutoboa kichwa, hata kama hujaligusa. Kasiani alijua pa kusimama. Hakuwahi kuielekea spika. Alikaa ubavuni mwake, kiganja tayari juu ya waya, sauti ameipunguza. Alikuwa akiniambia, "Athumani, hili halishindani na kelele. Ukitaka kelele katafute ubao."

Alinifundisha miaka minane. Nikawa mpigaji wa pili, nampigia yeye mapigo ya chini, na katika miaka hiyo hiyo nikaanza kumtazama dada yake Agata, aliyekuwa akifundisha watoto wa chekechea pale kambini. Kasiani aliona. Hakusema lolote ila siku moja alipokuwa anafunga waya: "Agata hapendi mtu mwenye haraka." Nikacheka. Nilidhani ni utani wa shemeji.

Kisha akaanza kukohoa. Wewe ni muuguzi, sina haja ya kukueleza kilichofuata: kukonda, jasho, makohozi yenye damu. Wakampeleka kwa mama yake mdogo, upande wa Handeni, ili awe karibu na mahali pa kuchomwa sindano kila siku. Asubuhi ya kuondoka alikuja chumbani kwangu na gita limeviringishwa blanketi, akaliweka kitandani.

"Lipige," akasema. "Likilala mbao zinasahau. Ila usilifungue."

"Nilifungue la nini?"

"Wewe ni seremala. Seremala haoni kitu kilichofungwa akatulia."

Kwa miezi mitatu nilifanya kama alivyosema. Kisha tukaitwa kupiga kwenye ukumbi mmoja pale Handeni mjini, watu wengi, na wenyeji walikuwa wamekodi amplifaya kubwa na spika za kimo cha mtu. Mimi ndiye niliyepiga solo. Nilikuwa nimevaa shati jipya, na mama yako alikuwa amekuja na lori la bendi akakaa meza ya mbele. Wimbo wa kwanza haukufika katikati. Gita likalia. Nikaliziba kwa kiganja, likanyamaza, nikaondoa kiganja, likalia tena. Nikasogea huku, nikasogea kule. Mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mchinjeni huyo mbuzi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Zaina, nimewahi kuangukiwa na paa. Nimewahi kukatwa na msumeno mpaka mfupa. Hakuna kilichoniuma kama kicheko kile, kwa sababu nilimtazama mama yako na nikaona naye anauma mdomo ili asicheke. Hakuwa na ubaya. Ilichekesha kweli. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikujua kwamba mtu anaweza kuchekwa akaendelea kuishi.

Kiongozi wa bendi akaniambia kwenye lori, "Ama ulitengeneze, ama Ijumaa ijayo upige manyanga."

Nililitengeneza. Nilipasha kisu chembamba moto, nikakipitisha kwenye ungio la mgongo na mbavu, taratibu, mpaka gundi ya zamani ikaachia na mgongo ukafunguka kama kifuniko. Niling'oa zile fito mbili. Nikachonga kipande cha mninga, kinene kama ngumi, kirefu kuanzia shingoni mpaka kwenye kitako, nikakigundisha uso na mgongo pamoja. Matundu nikayashindilia sponji ya godoro. Nikafunga, nikapaka vanishi, na nakuambia kweli, ilikuwa kazi nzuri. Ungio halikuonekana. Nilijivunia.

Na halikulia tena. Tuliongeza sauti mpaka mabati ya klabu yakatetemeka, halikulia. Watu wakanibeba. Mama yako peke yake ndiye aliyesema, "Mbona limekuwa kama yale mengine?" Nikamwambia hajui muziki.

Kasiani alirudi baada ya miezi saba. Alikuwa amepona kifua, amebaki mifupa na macho. Tulikuwa klabu, mchana, tunafanya mazoezi. Watu walimkimbilia, wakamshika mikono, wakamwuliza hili na lile, naye akawa anatabasamu tu, anatikisa kichwa. Nilifikiri ni udhaifu wa ugonjwa. Akanyoosha mkono, nikampa gita.

Hakulichomeka. Alikaa kwenye kiti, akalikumbatia juu kabisa, mgongo wa gita kifuani, kidevu karibu kigusane na mbavu za gita, akapiga waya wa besi. Akangoja. Akapiga tena kwa nguvu zaidi. Akaligonga uso kwa kifundo cha kidole, kama tunavyogonga ubao kujua una ufa. Nilisimama mbele yake na maelezo yangu yote tayari: ukumbi wa Handeni, amplifaya kubwa, yule mtu na mbuzi wake. Nikaanza kumwambia. Hakuwa ananisikiliza. Aliingiza kidole kwenye tundu, akavuta sponji, ikatoka ndefu, ya manjano. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote.

Akaliweka gita sakafuni, akatoka. Hakuwahi kupiga tena na bendi ile wala nyingine.

Mimi nilikasirika. Ndiyo. Nilisema mbele ya wenzangu, "Gita tu! Mtu mzima analia kwa ajili ya gita!" Nilisema hivyo kwa sababu nilijua nimekosa, na mtu anayejua amekosa ana sauti kubwa kuliko mwenye haki. Ningemfuata jioni ile nikamwambia neno moja, mambo mengi yangekuwa mengine. Nilingoja kesho yake. Kesho yake nikaona ni mapema mno, hasira haijapoa. Wiki ikapita, nikaona nimechelewa, itaonekana vibaya. Baada ya mwezi nikawa nabadilisha njia nikimwona kwa mbali sokoni Korogwe.

Mama yako aliolewa nami hata hivyo. Tulifunga ndoa bomani, kila mtu na dini yake. Kasiani alimwambia dadaye, "Kuolewa na Athumani sikukatazi. Gita ni gita, mume ni mume. Ila mimi nyumbani kwake sitaingia." Na hakuingia. Mama yako alikuwa akienda kumwona mara moja kwa mwaka, baadaye alipohamia mbali, na alirudi bila kunisimulia chochote. Tuliishi vizuri, usifikiri vinginevyo. Lakini katika nyumba yetu kulikuwa na jina lisilotajwa, na nyumba yenye jina lisilotajwa, hata mkiwa watatu mezani, mnakula kimya zaidi ya inavyofaa. Bendi ilikufa bei ya mkonge iliposhuka. Gita nikalipandisha darini.

Wewe ulikuwa na miaka saba mama yako alipougua. Siku moja asubuhi nilikuwa namkanda miguu, akaniambia, "Baba Zaina, unajua kwa nini kaka alilia siku ile?"

"Nililiharibu gita lake."

"Alikuwa hasikii."

Nikaacha kukanda.

"Zile sindano," akasema. "Zilimponya kifua, zikamla masikio. Alitoka kule akiwa anasikia kama mtu aliye chini ya maji, na ilizidi kupungua. Hakutaka bendi ijue. Aliniambia mimi peke yangu, akaniapisha. Alisema, 'Agata, masikio yamekwenda, lakini lile gita nitalisikia. Nikiliweka kifuani linanitetemesha mbavu, nitajua kila sauti ilipo.' Njia nzima kutoka Handeni alikuwa akifikiria hilo. Ndipo akalikumbatia, akapiga, hakusikia kitu."

Nikamfunika miguu kwa kanga.

"Nilinyamaza miaka yote kwa sababu aliniapisha," akasema mama yako. "Sasa nimevunja. Nenda ukamlete. Nataka nimwone, na nataka akuone wewe."

Nilimwambia nitakwenda Jumatatu.

Sikwenda Jumatatu. Sitakuandikia visingizio vyangu, vilikuwepo, na kimoja kilikuwa mlango wa mtu niliouahidi. Ukweli ni kwamba kabla sijajua nilikuwa na aibu ya kiasi, na nilipojua, aibu ikawa kubwa kuliko mimi. Nilidhani kujua ukweli kutanirahisishia kwenda. Kulinizuia. Mama yako aliniuliza Jumatano, akaniuliza Ijumaa. Jumapili hakuniuliza. Alifariki Jumatatu ya pili, alfajiri, amegeukia upande wa mlango.

Siku ya maziko Kasiani alikuja. Sijui nani alimpelekea habari, si mimi. Alisimama mbali, kando ya barabara, peke yake, hakukaribia chakula wala mkeka. Wewe ulikuwa umenishika kidole. Ukaniuliza, "Baba, yule mtu mrefu ni nani?" Nami nikakuambia, "Mpita njia."

Huo ndio uongo. Nimeuandika sasa.

Ulipokwenda chuo, nyumba hii ilibaki na mimi na kuku. Jioni nilikuwa nachemsha maji ya ugali wa watu wawili, kisha nakumbuka. Sikuwa na mtu wa kumnyamazia. Jioni moja nikapanda darini, nikalishusha lile gita, nikalifungua mara ya pili. Kipande changu cha mninga kilikuwa kimeshika barabara, gundi yangu ilikuwa nzuri mno. Kilipotoka kilitoka na nusu ya uso. Basi nikajua lazima niuchonge upya.

Nilipata ubao wa podo kutoka Lushoto, nikaukausha juu ya moshi wa jiko mwaka mzima. Nikauchonga jioni baada ya kazi za watu, kwa randa ndogo kuliko kidole, nikiupima kwa vidole na kuushika kwenye mwanga wa dirisha. Nilipasua wa kwanza. Wa pili ukakubali. Nikatoboa matundu, nikagundisha fito mbili, kile kipande cha kubeba waya nikakikalisha bila gundi. Wewe uliporudi likizo ulidhani natengeneza kinanda cha kanisa fulani, na mimi nikaacha udhani hivyo. Likaisha. Likakaa miezi sita ukutani nyuma ya mbao, limekamilika, na mimi bado sijaenda popote.

Kilichoninyanyua ni fomu yako ya ajira. Uliiacha mezani, nikaisoma. Mahali pa ndugu wa karibu uliandika jina langu. Chini yake palikuwa na nafasi ya ndugu wa upande wa mama, nawe ukaandika kwa mwandiko wako mzuri: Hakuna.

Nilikwenda wiki iliyofuata, ile siku niliyokuambia nafuata mbao. Anaishi ndani ndani kutoka Mkata, mwendo wa pikipiki, analima mahindi na mihogo. Nilimkuta anamenya mihogo mlangoni. Nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Alinitazama, akatazama nilichobeba, akaendelea kumenya.

Nikasimama mbele yake, nikainamisha kichwa, nikasema yote niliyoyabeba. Nilisema muda mrefu. Nilipomaliza aliweka kisu chini. Kisha akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia, "Inua uso. Ukiinama sisikii. Nasoma midomo."

Zaina, ilinibidi niyaseme upya, neno kwa neno, nikimtazama machoni. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Akasema, "Nilikungoja miaka kumi ya kwanza. Baadaye nikaacha."

"Najua," nikasema.

"Hujui." Akafuta mikono, akanyoosha. Nikampa gita. Alilikumbatia juu vile vile, kidevu karibu na mbavu, akapiga waya wa besi. Akafumba macho. Akapiga wa pili, wa tatu, wote sita.

"Sauti hii si ile," akasema.

"Si ile."

"Umeacha unene upande wa besi. Hapa." Akaweka kidole mahali hasa. "Kwaruza."

Nilivunja chupa pale uani, nikakwaruza kwa kigae chake kama tunavyofanya tukikosa msasa. Akajaribu. "Tena." Nikakwaruza. "Tena kidogo." Tulikaa hivyo mpaka jua likapinduka, mimi nakwaruza, yeye anakumbatia na kusikiliza kwa kifua, na hatukusema jingine. Hakuniambia amenisamehe. Sikumwuliza. Mara ya mwisho alipopiga alililaza magotini, akasema, "Agata aliacha mtoto."

"Ndiyo. Zaina. Ni muuguzi sasa. Anakwenda Njombe."

"Aje nimwone."

"Nitamleta."

Akatikisa kichwa. "Wewe usije. Aje mwenyewe."

Akaingia ndani na gita, akafunga mlango. Nilitembea mpaka barabarani, pikipiki sikuipanda.

Ndiyo sababu, mwanangu, nakuandikia badala ya kukusindikiza mpaka Mkata. Kesho nitakupa barua hii mkononi stendi ya Korogwe, na nakuomba uisome kabla hamjapita Segera. Basi linalotoka Arusha litakuchukua saa tano. Nimeongea na kondakta: Mkata watasimama, abiria wachimbe dawa, wanunue mahindi. Nimempelekea Kasiani ujumbe kwa mtu, na mtu huyo ameniletea jibu la neno moja, "Nitakuwepo." Atakuwa upande wa kushoto, karibu na wauza mihogo. Ni mrefu bado. Amkia kwa kumshika mkono, maana shikamoo ya mbali haitamfikia.

Huna lazima ya kushuka. Una haki ya kunikasirikia kwanza na kushuka siku nyingine, au usishuke. Jambo moja tu nakuambia, si kama baba, kama mtu aliyelipitia: usiseme Jumatatu. Ukitaka kwenda, nenda. Ukikataa, kataa waziwazi. Mimi sikuwahi kukataa. Niliahirisha, na kuahirisha kumenila zaidi ya vile kukataa kungenila.

Usinipigie ukiwa pale. Muda huo ni wenu. Mimi nitakuwa nimerudi hapa Makuyuni, nina kabati la watu la kumalizia. Saa sita na nusu mtakuwa mmefika Mkata. Nitaweka randa chini, nitakaa kwenye benchi hili, na nitabaki nimekaa mpaka nikadirie kwamba basi limekwisha kuondoka.

Nasikia lango. Umerudi, unaniita.

Ni mimi, baba yako,
Athumani